Barua kwa Zainabu: saa ya kompyuta na maktaba "isiyokuwepo"

Ujiji, Kigoma
9 Februari 2025

Mpendwa rafiki yangu Zainabu,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe pamoja na Baba Salma na watoto. Sisi huku hatujambo. Mama Neema amepata nafuu, sasa anatembea mwenyewe hadi barazani, na amenisisitiza nisifunge barua bila kukufikishia salamu zake. Najua kwamba tangu Idi sijakuandikia hata mstari mmoja. Nilikuwa nimejiapiza kwamba sitakuandikia mpaka nikamilishe ile kazi ya grafu za dagaa, nikuletee habari njema tupu. Sasa imekamilika nusu, na nusu iliyobaki iko mikononi mwako.

Unakumbuka kwamba Elisha, kabla hajaondoka kwenda masomoni, alituandikia programu fupi kwa R, lugha ya kompyuta ya takwimu na grafu, ili isome daftari letu la Kibirizi na kulichora. Kina mama wa kikundi wameandika kila usiku wa uvuvi kwa zaidi ya miaka miwili: mabeseni yaliyonunuliwa mwaloni, bei ya siku hiyo, kama ni kipindi cha giza au cha mbalamwezi, na siku ngapi dagaa walikaa kwenye chanja kabla ya kukauka. Ndani ya daftari hilo imo pia ile miezi mitatu ya mwaka 2024 ziwa lilipofungwa, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, na wote wanataka kuona kwa macho yao kilichotokea kabla na baada yake. Nilipoiendesha programu ya Elisha kwenye kompyuta ya kikundi ilisimama papo hapo, ikilalamika kwamba imekutana na alama isiyotarajiwa. Alama yenyewe ni ule mstari wima unaofuatwa na mshale, |>, ambao Elisha ameutumia kila mahali. Ilinichukua siku mbili kung'amua kwamba alama hiyo iliingia katika R kuanzia toleo la 4.1.0, lililotoka Mei 2021, ilhali kompyuta yetu inaendeshwa na Debian 11, mfumo wa jamii ya Linux, ambayo huja na R 4.0.4. Tumelikosa toleo kwa hatua chache tu!

Najua utauliza kwa nini sikuongeza hazina ya vifurushi vya programu vilivyokwisha kutengenezwa, nikasakinisha toleo jipya kwa amri moja. Nilijaribu hilo kwanza. Amri ya apt, ile inayosakinisha vifurushi vya Debian, ilikataa, ikidai kwamba orodha ya vifurushi bado haijaanza kuwa halali. Nilidhani ni mtandao, Baraka akadhani bando limekwisha, tukaongeza bando, jibu likawa lile lile. Ndipo Hamisi aliponiletea kwenye flashi msimbo chanzo wa R 4.1.3, yaani maandishi ya programu kabla haijajengwa, akaniambia kwa utulivu wake ule ule, "Dada, ijenge mwenyewe, ni hatua tatu tu." Hatua tatu ni kweli: configure inakagua mashine, make inajenga, make install inaweka mahali pake. Lakini kila hatua ina mlango wake, na kila mlango una ufunguo wake.

Mlango wa kwanza niupite upesi. Niliufungua mzigo moja kwa moja ndani ya flashi, na kila nilipoita configure nikaambiwa sina ruhusa. Nilijaribu kuipa faili ruhusa ya kuendeshwa, amri ikapita kimya, na ruhusa haikubadilika. Kumbe flashi nyingi hupangwa kwa mfumo wa FAT, ambao hauhifadhi ruhusa za namna ya Linux hata kidogo. Nilipouhamishia mzigo kwenye folda yangu ya nyumbani na kuufungua upya, tatizo liliisha.

Mlango wa pili ndio ulionifundisha zaidi, na nausimulia kwa kirefu kwa sababu nina hakika kina mama na vijana wetu watakutana nao. Kabla ya kuendelea na R nilitaka kujizoeza kwa programu ndogo, nikachukua ile ya mradi wa programu huria wa GNU iitwayo Hello, toleo lililotoka mwaka 2022, ambayo kazi yake yote ni kuusalimu ulimwengu. Niliita configure. Haikufika hata mstari wa kumi, ikasimama na kusema kwamba faili iliyoundwa sasa hivi ni ya zamani kuliko faili zilizokuja na programu, na kwamba nikague saa ya mashine. Niliusoma mstari huo mara tatu. Kisha nikatazama pembe ya juu ya kioo, nikaona tarehe: kompyuta iliamini kwamba bado tuko mwaka 2021.

Zainabu, kompyuta ile ni ya mezani, umeme ukikatika inazimika pale pale, na betri yake ndogo ya kutunza saa ilikuwa imekufa siku nyingi. Huduma ya kurekebisha saa kupitia intaneti nayo ilikuwa imezimwa. Nani aliizima, hakuna anayekumbuka. Kwa hiyo kila ilipowaka upya ilirudi nyuma. Ndiyo maana apt ilikataa orodha ya vifurushi: kwa hesabu zake orodha ile ilitoka katika siku zijazo. Na hata kama configure ingenyamaza, make isingeniacha salama, kwa kuwa kazi yake imesimama juu ya saa. Tangu Stuart Feldman alipoiandika pale Bell Labs mwaka 1976, make hulinganisha muda wa faili ya chanzo na muda wa faili iliyojengwa ili ijue kipi kijengwe upya na kipi kiachwe. Saa ikidanganya, make inaamua kwa uongo. Tumehangaika wiki nzima na mtandao usio na kosa lolote, na dawa ikawa betri bapa ya duara, namba CR2032, niliyoinunua kwa fundi saa kule Mwanga.

Baada ya hapo apt ilikubali, na ningeweza kurudi kwenye kile kifurushi kilichokwisha kutengenezwa. Nilifikiri usiku mzima, nikaamua nisirudi. Vijana wawili wa kikundi walikuwa wamekaa nami siku zote hizo, na niliona wameanza kuuliza maswali ambayo mtu haulizi anapobonyeza kitufe kimoja na kupewa kila kitu.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nichukue kalamu. Configure ya R ilidai kwanza kompaila ya Fortran, yaani kigeuzi cha msimbo wa lugha hiyo kuwa programu, nikaisakinisha. Ikaendelea, mistari ikateremka kama mvua, kisha ikasimama: readline haipatikani. Hiyo ni maktaba, yaani msimbo wa pamoja ambao programu nyingine huutumia. Nilishangaa, kwa sababu nilikagua orodha ya vifurushi na readline ilikuwemo, tena ile R ya zamani inaitumia kila siku. Ukibonyeza mshale wa juu inakurudishia amri uliyoandika, na kazi hiyo ni ya readline. Niliisakinisha upya. Haipatikani. Nikaiondoa na kuirudisha. Haipatikani. Mtu ana kitu mkononi, na mashine inamwambia hana.

Jibu nililipata kwenye faili iitwayo config.log, ambayo configure huiacha nyuma yake. Kosa langu la mwanzo lilikuwa kuisoma kutoka mwisho, ambako hakuna ila orodha ndefu ya majina na thamani zake. Nilipoitafutia neno readline nikaona ukweli wote. Configure haitazami orodha ya vifurushi kama nilivyodhani. Inaandika kiprogramu kidogo kiitwacho conftest, inajaribu kukijenga kwa kutumia kitu inachokitafuta, kisha inakifuta. Kiprogramu hicho kilikuwa kimeomba faili readline.h, na kompaila ikajibu kwamba hakuna faili wala folda ya jina hilo. Maktaba ilikuwepo, kilichokosekana ni faili za vichwa, zile zinazoieleza kompaila maktaba ina nini ndani na iitweje. Debian inavitenga viwili hivi: libreadline8 ni ya kuendeshea programu, libreadline-dev ni ya kujengea.

Nilivyowaeleza vijana ni hivi. Anayenunua dagaa mwaloni hana haja ya kujua ukubwa wa matundu ya wavu. Anayeshona wavu lazima aujue kabla hajashika sindano. Sisi miaka yote tulikuwa wanunuzi, na siku tulipotaka kushona ndipo tulipoulizwa vipimo. Walielewa papo hapo. Configure ilipodai maktaba ya PCRE2, na baadaye ya libcurl, mdogo wao ndiye aliyeandika jina la kifurushi lenye -dev mwishoni kabla sijafungua mdomo.

Lakini X11, ule mfumo wa kufungulia madirisha kwenye kioo, ilitushinda, na hapo ndipo ombi langu lilipo. Simu tuliyokuwa tukiitumia kama modemu ni ya Baraka, naye amekwenda Kasulu kwenye msiba wa mjomba wake. Kwa kuwa kina mama walikuwa wakingoja, nilijenga R kwa kuiambia iache X, yaani kwa kuandika --with-x=no. Ikajengwa. Ilichukua zaidi ya saa moja, na hatukuthubutu kwenda kula kwa kuogopa umeme. Tulipoandika R, likaja toleo lile lile la zamani! Nusura mkubwa wao alie. Kumbe lile dirisha la amri lilikuwa limekumbuka njia ya zamani. Tuliandika hash -r, tukaita tena, na mstari wa kwanza ukasoma 4.1.3. Programu ya Elisha ikapita kwenye ile alama bila kusita.

Hata hivyo kuzima kile kinachodaiwa si sawa na kukitatua, na nimekwisha kuiona gharama yake. R yetu haiwezi kufungua dirisha la kuonyesha grafu, wala haiwezi kutoa picha ya PNG. Cha kutufaa inatoa PDF tu. Kina mama wengi hupokea picha kwenye simu zao na kuzikuza kwa vidole, lakini PDF simu nyingine hazifungui. Na mimi mwenyewe ninapofanya kazi nataka kuuona mchoro unapobadilika, nisiwe nafunga na kufungua faili kila mara. Nimeuona mstari wa miezi ile mitatu ukishuka hadi sifuri na kuondoka tena Agosti, lakini nimeuona peke yangu.

Kwa hiyo nakuomba, rafiki yangu, unipakulie huko Tabora kifurushi cha libxt-dev pamoja na vyote kinavyovitegemea, kwa Debian 11 ya biti 64. Usihangaike kukisia majina. Niliiomba apt iniandikie anwani kamili za faili zote kwa kuiongezea chaguo la --print-uris, na orodha hiyo nimeituma kwenye simu ya Hamisi, ambaye atakuwa Tabora kuanzia Jumatano. Tafadhali pakua faili zile zile zilizoandikwa, hata ukiona kuna matoleo mapya zaidi, kwa maana zikichanganyika zitakataana. Ziweke kwenye flashi yoyote. Safari hii hakuna cha kuendesha ndani yake, kwa hiyo FAT haitatudhuru. Hamisi atarudi na treni, nami nitamkabidhi dagaa wa Kibirizi waliokauka vizuri, akuletee safari yake ijayo.

Mkutano wa kikundi ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Kujenga upya kutahitaji jioni moja, nami nitaanza kwa make clean ili mabaki ya ujenzi wa kwanza yasituchanganye.

Sasa niambie: je, ofisini kwako bado mnaruhusiwa kupakua baada ya saa za kazi, au nimwombe Mwalimu Kabwe? Ulipokuwa chuoni mliwahi kujenga R na X kwa pamoja, na je, kuna kifurushi kingine cha michoro ambacho configure hunyamaza tu inapokikosa, nije nikione baadaye? Maana hilo linanitia wasiwasi kuliko makosa yanayopiga kelele. Ile R ya zamani niiondoe, au niiache ikae ilipo? Salma amekwisha kuanza shule? Na wewe mwenyewe, utakuja lini, au unangoja mpaka nikutumie grafu ndipo uamini kwamba ziwa bado lipo?

Nijibu kwa mkono wa Hamisi.

Ni mimi rafiki yako,
Mwamvita