Flashi msizichomoe ghafla, jamani

Mhariri, asalam aleikum. Mie nna kibanda cha fotokopi hapa Chake Chake, kompyuta yangu kuukuu naendeshea Linux, mfumo mwengine badala ya Windows, maana Windows virusi vilinishinda, na kila siku wateja wananambia mbona flashi haisomi kwako, kompyuta mbovu hii. Si mbovu! Nyingi ukichomeka tu zinafunguka wenyewe, nyengine lazma niziunganishe kwa mkono, naandika amri ya lsblk, inayoorodhesha diski zote, nione flashi imepewa jina gani, mara nyingi sdb1, kisha naiunganisha na folda ya /mnt kwa amri ya sudo mount /dev/sdb1 /mnt, basi mafaili yote yanatokea humo.

Tabu khasa ni hadidisk za NTFS, yaani zilopangwa kwa mtindo wa Windows. Juzi kaja mwalimu wa skuli na mitihani yake, hadidisk inafunguka lakini kuandika haikubali hata herufi moja. Kumbe kwao ile Windows inazimwa nusunusu ili iwake haraka, diski inabaki na alama kuwa haijafungwa vizuri, na Linux ikiiona inagoma isije ikaharibu. Nkamwambia arudi akaizime kompyuta yake huku kashika kitufe cha Shift, ndo izimike kweli.

Na nyie mnaochomoa flashi mbiombio! Faili linakaa kwanza kwenye memori ya kompyuta, ule mstari wa kunakili kwenye skrini ushafika mwisho lakini kwenye flashi bado halijaandikwa lote. Nisubirini niandike umount, amri ya kuifunga flashi, tena si unmount, ile n haimo, ilinisumbua wiki nzima. Mteja mmoja kaichomoa akiwahi boti Mkoani, kufika Unguja faili tupu, kanipigia simu kunitukana mie.

Mwenye kibanda, Chake Chake, Pemba