Benchi la Erasmus si hila

Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji mwenzangu aliyedai kuwa Rassie Erasmus wa Afrika Kusini hastahili kutajwa miongoni mwa makocha bora wa raga duniani, eti kwa sababu mataji yake yametokana na kujaza majitu kwenye benchi wala si kufundisha mchezo. Naomba nafasi ya kumjibu, kwa kuwa hoja hiyo imerudiwa mno tangu mwaka 2023, na wengi wanaoirudia hawasemi mechi zenyewe zilikwendaje.

Kanuni inaipa kila timu wachezaji 8 wa akiba, na kwa desturi makocha wengi huchagua mafowadi 5, yaani wale wazito wa kusukumana na kugombea mpira, na mabeki 3, yaani wale wepesi wa kukimbia nao. Katika Kombe la Dunia la mwaka 2019 nchini Japan, Erasmus alichagua 6 na 2, akawa anawaingiza mafowadi wapya mapema katika kipindi cha pili, wakati wapinzani wameanza kuhema. Uingereza ikalazwa 32-12 katika fainali mjini Yokohama. Agosti 2023, Jacques Nienaber akiwa kocha mkuu na Erasmus mkurugenzi wa raga, benchi likawa na mafowadi 7 na beki 1 tu dhidi ya New Zealand jijini London. Matokeo yalikuwa 35-7, kipigo kikubwa zaidi hadi wakati huo katika historia ya All Blacks, yaani timu ya taifa ya New Zealand.

Hapo ndipo mwenzangu anapoona hila. Mimi naona watu waliokubali hatari ambayo wenzao waliikwepa, kwani mabeki wawili wakiumia, fowadi mzito hana budi kwenda kukimbizana na mawinga.

Hatari ya namna hiyo, ya kukosa mtu wa akiba wa nafasi fulani, ilionekana waziwazi katika fainali ya Kombe la Dunia mjini Paris mwaka huohuo. Malcolm Marx, anayesimama katikati ya safu ya mbele na kurusha mpira wakati wa laini-auti (mpira unaporudishwa uwanjani kutoka pembeni), aliumia mazoezini mashindano yakiendelea, na badala ya kumwita mtu wa nafasi hiyo, benchi la ufundi likamwita mpigaji mikwaju, Handré Pollard. Usiku wa fainali, Bongi Mbonambi, aliyebaki peke yake katika kazi hiyo, alitoka akichechemea mchezo ukiwa haujafika hata dakika ya tano. Akaingia Deon Fourie, mwenye umri wa miaka 37, ambaye katika kikosi hicho alitumika zaidi nyuma ya skramu (pale mafowadi wa pande mbili wanapofungamana na kusukumana), akacheza karibu mechi nzima. Laini-auti ziliyumba, na mipira kadhaa ikaishia mikononi mwa wapinzani. Lakini Afrika Kusini ilishinda 12-11, na pointi zote 12 zilitoka mguuni mwa Pollard, yule yule aliyeitwa kuziba pengo lisilo lake.

Wiki moja kabla, katika nusu fainali, Uingereza ilikuwa ikiongoza 15-6. Manie Libbok, aliyeanza mechi, alitolewa kabla hata ya mapumziko ili Pollard aingie, uamuzi ambao kocha mwenye kujali lawama asingeuthubutu. Kisha Ox Nché akatoka benchi na kuivuruga skramu ya Uingereza, RG Snyman, naye wa akiba, akafunga mguso (kuweka mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani), na Pollard akapiga penalti ya mbali dakika za mwisho: 16-15. Siku hiyo benchi lilikuwa la kawaida, mafowadi 5 na mabeki 3. Hila iko wapi?

Kama ni kumlaumu Erasmus, lipo la kumlaumu, nami simtetei: mwaka 2021 alirekodi video ya zaidi ya saa moja akimkosoa refa wa mechi dhidi ya British and Irish Lions, timu teule ya visiwa vya Uingereza na Ireland, na adhabu ya kufungiwa aliyopewa ilimstahili.

Iko pia hoja nzito kuhusu usalama, kwamba mchezaji aliyechoka asigongwe na mtu wa kilo 120 aliyetoka kupumzika. Ikipendekezwa timu zote zipunguziwe wachezaji wa akiba wanaoruhusiwa kuingia, nitaiunga mkono. Lakini barua ya namna hiyo hupelekwa makao makuu ya shirikisho la raga duniani, World Rugby, mjini Dublin, kwa wenye mamlaka ya kubadili kanuni. Haiwezi kutumiwa kumpokonya kocha mataji aliyoyapata chini ya kanuni zilizokuwapo.

Mpenzi wa raga,
Nakuru