Mwambie Shangazi mtoto hajarogwa

Leeds, 9 Novemba 2025

Mama, shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo.

Sisi huku wazima, ila baridi imeanza kututafuna. Dagaa na rozari ya Kawekamo vimefika. Dagaa hawakumaliza wiki, na jirani aligonga mlango kuuliza nini kimeoza.

Nianze na lililonikaba. Ile milioni mbili ya Septemba ilikuwa ya mashine ya mtumbwi wa Masanja, basi. Sasa nasikia Shangazi kachomoa laki tatu kampelekea nabii "amfungue mtoto". Amfungue wapi, na mtoto yuko tumboni mwangu? Na kabla sijakaa na wewe kwenye simu nikakueleza, jumuiya nzima ilishajua. Nilinuna wiki mbili, ndiyo maana simu zako sikupokea. Nisamehe. Laki tatu simdai Shangazi. Masanja namdai risiti ya hizo zilizobaki.

Jambo lenyewe ni hili. Kwenye utrasaundi ya wiki ya 20 daktari alinyamaza, akawa anarudia palepale kiunoni kwa mtoto. Kisha akasema kichwa kimekaa umbo la limau, na ubongo wa nyuma umejikunja kama ndizi. Ndivyo wanavyoutambua ugonjwa wenyewe. Nikacheka, Mama. Nikamwambia kwetu hivyo tunauza kwa fungu. Nilipomaliza kucheka nilikuwa nalia.

Ni mgongo wazi. Uti wa mgongo hujifunga ndani ya siku 28 tangu mimba itunge, wakati wengi wetu hata hatujajua kama tuna mimba. Vidonge vya foliki, ile vitamini ya wajawazito, husaidia ukivianza kabla ya mimba. Mimi nilivianzia kliniki. Tena mwambie Shangazi kwamba serikali yetu iliamuru unga wa ngano uwekwe foliki tangu 2011, na hawa Waingereza sheria yao inaanza kazi mwisho wa 2026! Shida yetu ugali, na mahindi tunasagisha mtaani, hakuna anayetia foliki. Hapo uchawi uko wapi? Akibisha, msomee Yohana 9, pale wanafunzi walipouliza nani alitenda dhambi, kipofu au wazazi wake. Aya tatu tu.

Kuitoa mimba waliniuliza mara tatu, sheria yao inaruhusu. Mara ya tatu niliitoa rozari mkobani nikaiweka mezani. Mume wangu, unavyomjua na kanisa lake la Krismasi, ndiye aliyesema, "Tumeshajibu." Upasuaji wa mtoto akiwa bado tumboni walinipima, sikufaa, tuliache hilo. Akizaliwa watamfunga mgongo ndani ya siku mbili hivi, na maji yakijaa kichwani watamwekea mpira wa kuyashusha tumboni. Miguu hawana uhakika nayo. Mimi naiombea kila usiku, na vyuma vya kutembelea nimeshaviulizia bei.

Usinihurumie sana. Mwezi uliopita wamenipa uongozi wa zamu, usiku wodi nzima ya wazee iko chini yangu. Nyumba tumelipia arabuni, ya ghorofa Mama, ingawa bafu ni moja. Ila nikitoka kazini alfajiri hakuna ziwa. Najikuta natafuta zile taa za wavua dagaa, zinavyojipanga usiku wa giza ukizitazama toka Kirumba.

Nina ombi. Mtoto wa Mama Jose, yule aliyezaliwa 2013 akafanyiwa mgongo na mpira Bugando. Nilikuwa mtu mzima, nasoma chuo, na bado nilikuwa navuka barabara nisipite mlangoni kwao. Siku moja alininyooshea mkono nimpe muwa, nikajifanya daladala inaniacha. Hilo sijawahi kuliungama hata kwa padri. Nasikia sasa yuko darasa la sita, na kwaya ya watoto haikosi sauti yake.

Nenda kwao. Usiende mikono mitupu, pitia Mwaloni uchukue sato mzuri, hela nakutumia Jumatatu. Muulize Mama Jose zile siku za kwanza baada ya operesheni alimnyonyeshaje bila kumgusa kidonda. Na kanga, alianza lini kumbeba mgongoni? Huku wamenipa vijitabu vinne, na hakuna hata kimoja kinachotaja kanga.

Binti yako,
Kabula