Mdogo wangu, ile filamu ungeisikiliza kwanza

Mdogo wangu,

Krismasi iliyopita ulichukua rimoti ukazima katikati filamu ya The Polar Express, ile ya treni inayowapeleka watoto kwa Baba Krismasi, ukasema watoto wale wana macho ya maiti na mwanao ataweweseka usiku. Sikukubishia, wageni walikuwepo na mimi mkono ulikuwa kwenye pilau. Lakini limenikaa kooni mwaka mzima, acha nilitoe hapa hadharani.

Kuhusu macho, sikupingi. The Polar Express ya mwaka 2004 haikuchorwa kama katuni tulizokulia. Mwongozaji Robert Zemeckis aliwavalisha waigizaji nguo za kubana zenye vialama, kompyuta ikanasa walivyotembea na kukunja uso, kisha ikawavika miili mingine. Ndiyo maana mwigizaji Tom Hanks ni kondakta, ni baba wa mvulana anayesimuliwa, ni yule mzururaji wa juu ya behewa, na ni Baba Krismasi pia! Mwendo ukanaswa vizuri, macho yakabaki yanatazama bila kuona. Wahakiki waliyasema hayo filamu ilipotoka tu.

Tena nikuongezee silaha. Kitabu kilichozaa filamu hiyo, cha Chris Van Allsburg, cha mwaka 1985, kina kurasa 32, na nyingi ni picha. Filamu ni dakika 100. Ile tiketi kupeperushwa na upepo, treni kuserereka juu ya barafu, huyo mzururaji mwenyewe: hayo ni maji yaliyoongezwa ili mchuzi utoshe wageni.

Sasa njoo kwenye masikio. Treni ile ina mwenzake wa kweli, garimoshi la mvuke liitwalo Pere Marquette 1225, lililoundwa mwaka 1941 na linalotunzwa mjini Owosso, Michigan, jimbo alikozaliwa Van Allsburg. Watengenezaji walifuata michoro yake, wakarekodi na sauti zake. (Nambari hiyo isome kama Wamarekani wanavyoandika tarehe, mwezi kwanza. 12/25. Nani angepanga hivyo?) Kwa hiyo pale mtoto yuko kitandani, chumba kinaanza kutetemeka, mwanga unapita ukutani, halafu chuma kinapumua nje ya dirisha, unachosikia ni chuma kweli, chenye mvuke wa kweli.

Na hadithi yenyewe ni ya masikio. Zawadi ya yule mvulana ni kengele moja ndogo kutoka kwenye hatamu za wanyama wa Baba Krismasi. Anaipoteza kwa sababu mfuko wake umetoboka, asubuhi inapatikana nyuma ya mti wa Krismasi. Anaitikisa, yeye na dada yake Sarah wanasikia mlio mtamu. Wazazi hawasikii kitu, wanadhani ni mbovu. Miaka inapita, hata Sarah anaacha kuisikia. Sehemu hiyo hujaifikia, ulikuwa umeshazima.

Ulipokwenda kuwasindikiza wageni, mwanao alinifuata jikoni akanivuta shati. "Mjomba, treni ilifika?" Nikamwambia bado iko njiani.

Krismasi hii nakuja na ile spika yangu kubwa. Televisheni igeuze itazame ukuta ukipenda, ila sauti usiniguse.

Kaka yako