Kikao cha Jumamosi: njooni na penseli na kitambaa

Habari za jioni walimu na wazazi,

Kikao chetu cha kuwasaidia watoto wenye ulemavu kujifunza kiko palepale, Jumamosi saa 4 asubuhi. Kila mmoja aje na penseli na kipande cha kitambaa. Tutakizungusha kwenye penseli mpaka inenepe, kisha tukaze kwa mpira. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo ambaye vidole havimtii huweza kuishika hiyo vizuri kuliko ile nyembamba. Kazi ya dakika mbili.

Kabla ya hapo naomba mjaribu jambo moja: muulize mtoto swali, kisha nyamaza. Hesabu kimoyomoyo hadi 10 kabla ya kurudia. Mimi nilifika 4 nikamjibia (naona aibu kusema). Mara nyingi jibu analo, ila linachelewa kutoka.

Mama uliyeuliza jana kuhusu mwanao mwenye usikivu hafifu: kukaa mbele peke yake hakutoshi. Akae anapouona uso wa mwalimu. Na mwalimu asilipe dirisha mgongo, maana uso unaingia giza na midomo haisomeki.

Wanaouliza kuhusu shule kumkataa mtoto, tutasoma pamoja Ibara ya 24 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, wa 2006. Inataja elimu jumuishi, yaani mtoto mwenye ulemavu kusoma pamoja na wenzake, katika ngazi zote.

Tafadhali, picha za watoto zisitumwe humu, hata za kufurahisha. Atakayechelewa aniandikie pembeni.