Wifi yangu, kabla sakitu haijaanguka Makete

Wifi yangu,

Assalaam aleikum. Siku ile uliponiuliza, "Skafu? Lindi hii mnayolala madirisha wazi?" wenzetu barazani walicheka, mazungumzo yakahamia kwingine, nami sikukujibu. Nakujibu leo, tena hadharani, maana najua swali lile wanalo wengi wa pwani hii wenye mikono hodari kama yako.

Skafu yangu haivaliwi Lindi. Inapanda basi. Ikishapita Mnazi Mmoja inashika njia ya Masasi, Tunduru, Songea, Njombe, mpaka Makete anakofundisha shemeji yako. Huko Juni na Julai sakitu huanguka usiku, na asubuhi majani huwa meupe kama yamemwagiwa chumvi. Uwanda wa Kitulo, hukohuko Makete, uko takribani mita 2,600 juu ya usawa wa bahari hii tunayoamka tukiitazama. Mwaka jana mwezi wa sita alinitumia picha ya wanafunzi wake mstarini asubuhi, mikono wameificha kwapani, na mmoja wao amejifunga taulo shingoni. Kesho yake nilikwenda sokoni kununua uzi.

Unasema hujui kufuma. Wewe unayesuka ukili wa mikeka! Umekaa na miyaa tangu utotoni, na unajua kuwa ukili ukiharibika, mara nyingi umeharibikia ukingoni, pale jani linapokunjwa kurudi. Skafu ni vivyo hivyo. Yangu ya kwanza ilianza na upana mzuri tu, ikaendelea kusinyaa mpaka ikawa kama utambi, kwa sababu kila mstari nilikuwa naacha kifundo cha mwisho bila kukiona. Nilikuwa nimeshafika shibiri 5. Niliifumua yote usiku uleule, koo limenikaba.

Kwa hiyo wewe anza hivi. Chukua sindano ya kroshia ya milimita 5, ile yenye ncha iliyopinda kama ndoana. Fuma mnyororo wa vitanzi 27, na usiukaze, kwani mnyororo uliokazwa huvuta upande mmoja wa skafu nzima. Zungusha uzi mara moja kwenye sindano, ruka vitanzi 2 vilivyo karibu na sindano, ingia kitanzi cha 3, vuta uzi. Sasa una vitanzi 3 juu ya sindano. Zungusha uzi tena, upitishe katika vyote 3 kwa mpigo mmoja. Hicho ndicho kifundo kimoja, na hakuna kingine cha kujifunza. Ukifika mwisho utakuwa na vifundo 25. Geuza kazi, fuma vitanzi 2 vya kupandia ambavyo huvihesabu, kisha ingia kifundo cha kwanza kabisa cha mstari wa chini. Hesabu 25 kila mstari. Ukipata 24, rudi hapohapo, usijiambie utafidia mbele.

Upana utapata kama sentimita 18. Urefu, kwa mtu mzima fuma shibiri 7, kwa mtoto 5 zinatosha. Skafu ya mtu mzima hula uzi wa gramu 200 hivi. Usichague nyeusi kwa kuanzia, hasa kama unafuma jioni, maana vifundo havitaonekana. Na joto letu hili lina shida yake: kiganja kikilowa jasho uzi unagoma kuteleza, mkono unakaza bila wewe kutaka, na kipande cha mchana kinatoka kigumu kuliko cha asubuhi. Mimi nafuma baada ya alfajiri, na kitambaa kikavu pajani.

Sasa kuna jambo linaloniuma, na ndilo hasa nililotaka kukuambia. Watu wakisikia kitu ni cha msaada, wanalegeza mkono. Utaona uzi uliobaki wa vitambaa vya makochi, rangi nne zisizopatana, ncha zinaning'inia, halafu mtu anasema, "Si wanapewa bure?" Mtoto wa miaka 12 anajua kabisa kama amepewa zawadi au masalia, na ataivaa akiwa ameinamisha kichwa. Wifi, kabla hujanunua uzi, usugue shingoni mwako mwenyewe. Ukikuwasha, uache. Nachagua akriliki laini kwa kuwa wale watoto wanajifulia wenyewe, na sufu ikikutana na maji ya moto na kusuguliwa hujikunyata isirudi tena. Ila akriliki usiipige pasi, moto unaiua. Ncha za uzi ziache ndefu, angalau sentimita 15, uzipitishe ndani ya vifundo kwenda, kisha kurudi, ndipo ukate. Matamvua usiweke, kwa mtoto yananasa kila mahali. Ukimaliza ifue, ianike kivulini ikiwa imelazwa, uikunje kama unavyokunja kanga ya kumtunza bibi harusi.

Nataka mzigo ufike Makete kabla ya katikati ya Mei. Mwaka jana skafu zangu 3 zilifika mwisho wa Agosti, baridi yenyewe inaaga, na shemeji yako akaniandikia shukrani ndefu ambayo sikuweza kuisoma mara mbili. Tukiwa wawili tutafikisha 8, na yule wa taulo naomba apewe ya kwanza.

Sindano na mabonge mawili ya uzi wa kijani nimeyafunga kwenye kanga, yanakuja Mikindani na basi la kesho asubuhi. Fuma mistari 10, uhesabu, kisha unipigie.

Wako,
wifi yako wa Lindi