Mgeni wa Miaka Tisa: Barua kwa Wazazi wa Kikundi Chetu

Wanangu wa kikundi,

Shikamoo zenu za Jumapili nimeziitikia zote, na manung'uniko nimeyasikia pia. Tukimaliza kuhesabu hisa zetu za akiba, mazungumzo huishia palepale: muda hautoshi. Mnatoka Kimara giza halijaondoka ili muwahi basi la mwendokasi kabla kituo hakijafurika. Mnarudi saa mbili usiku, na hapo ndipo jiko linawashwa, vyombo vya asubuhi vinaoshwa, shati la shule linafuliwa saa ambayo hata upepo wa kulikausha hakuna. Mmoja wenu ameniomba ushauri pembeni. Nimeona niwaandikie wote, na waume zenu wasome, maana sijaandika barua ya akina mama.

Nianze na jambo lenyewe, asije mtu akashuka kituoni kabla hajalifikia. Kazi za nyumbani ni nyingi, sikatai, lakini kinachowachosha zaidi ni kwamba nyumba nzima inakaa kichwani mwa mtu mmoja. Chumvi imebaki kiasi gani, soksi ya pili iko wapi, maji ya kunywa yamepoa au bado, mwenye majibu ni wewe peke yako. Watoto wapo, wana mikono na wana akili, ila wanasubiri kutumwa. Na kutuma nako ni kazi: uone kinachohitajika, umtafute mtu, umwambie, umkumbushe, ukague, ugombe. Ukijumlisha yote hayo ni afadhali ufanye mwenyewe, na ndivyo wengi mnavyofanya. Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Humu kwenye kikundi kuna wageni wa miaka tisa.

Mkabidhini mtoto kazi nzima, tangu mwanzo hadi mwisho, na kila mtu ndani ya nyumba ajue kuwa hiyo ni yake. Tuseme maji ya kunywa. Kuchemsha ni kwa mkubwa. Lakini yakishapoa, mtoto wa miaka kumi anaweza kuyachuja kwa kitambaa safi, kuyajaza kwenye ndoo yenye koki, kuosha vikombe, na jioni akasema, "Mama, ya kesho hayatatosha." Hilo la mwisho ndilo ninalolitaka, kwa sababu sasa kuna mtu mwingine anayewaza. Siku atakayosahau, msiamke usiku kumfichia. Ndugu zake wakikosa maji mezani watamuuliza yeye, na keshoye hatahitaji kukumbushwa.

Najua mtakachosema: kumfundisha mtoto kunachukua muda kuliko kufanya mwenyewe. Ni kweli kabisa. Ndiyo maana hamwezi kuanza Jumatatu ya muhula wa shule mkiwa na haraka zenu. Anzeni likizo ya Juni au ya Desemba, au Jumamosi isiyo na msiba wala harusi kama mtaipata. Siku ya kwanza atazame unavyofanya, siku nyingine mfanye pamoja, kisha afanye yeye na wewe umekaa jirani unachambua mchele wako, mdomo umefungwa. Hapo kwenye mdomo ndipo penye shida. Atamwaga sabuni nusu nzima, atafagia katikati na kuacha pembe. Mwonyesheni pembe, basi. Mkirudia kufagia alipokwisha kufagia, tena mbele yake, atajua kazi yake ilikuwa ya kumpumbaza.

Umri nao uangaliwe. Mtoto wa miaka mitatu tayari anapika udongo kwenye vifuu nje ya mlango. Huyo hamumlazimishi, mnamkaribisha tu. Apange viatu, apeleke nguo chafu kwenye tenga, atenganishe vijiko na uma. Akianza darasa la kwanza atandike kitanda chake, amenye vitunguu saumu, afagie uani. Miaka minane, tisa, aoshe vyombo na afue soksi. Kumi na mbili hivi, songa naye ugali, kwanza mdogo kwenye sufuria ndogo, na mumtume sokoni na fedha pamoja na orodha aliyoiandika mwenyewe. Wapo watakaowahi na watakaochelewa, msiwapime kwa mtoto wa jirani.

Na wavulana. Jamani, wavulana. Bado naingia nyumba ambayo dada wa miaka kumi anadeki na kaka yake wa kumi na nne ananyanyua miguu apitishiwe tambara. Nani aliwaambia kuwa jiko ni la mwanamke? Nendeni harusi za Tanga au Unguja mkaangalie ni akina nani wanaosimamia masufuria makubwa ya pilau. Mara nyingi ni wanaume, na hakuna anayewacheka. Mvulana akae kwenye mbuzi akune nazi, apige pasi, amwogeshe mdogo wake. Baba naye asiwe wa kusifia kutoka kwenye kochi. Mtoto wa kiume hufuata anachokiona kwa baba yake kuliko anachoambiwa na mama yake.

Kazi isiwe adhabu. Mimi nilikuwa mwalimu, nalisema hili nikijua. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alipotoa sera ya Elimu ya Kujitegemea, alitaka shamba la shule liwe sehemu ya masomo, mwanafunzi ajue jembe na daftari ni vya mtu yuleyule. Wazo lilikuwa zuri. Lakini mahali pengi shamba liliishia kuwa la waliochelewa kufika asubuhi na waliopiga kelele darasani, na mtoto aliyelimishwa kwa adhabu hujifunza kulichukia jembe. Ukisema "umevunja glasi, leo utaosha vyombo," umeshawaambia watoto wote kuwa kuosha vyombo ni fedheha. Kuwalipa pia sikushauri. Atakayelipwa kutandika kitanda chake siku moja atauliza bei ya kumpelekea bibi yake maji. Fedha ya matumizi mpeni kwa utaratibu wake, ila isifungwe kwenye fagio.

Sasa jikoni, maana huko ndiko saa zenu zinakopotelea.

Maharage yasipikwe kila yanapotakiwa. Ijumaa usiku watoto wayachambue kwenye ungo, hiyo ni kazi ya kupigia hadithi, kisha yalowekwe mpaka asubuhi. Mwageni maji ya kulowekea, wekeni mapya, na muyachemshe ya wiki nzima kwa mara moja. Gawanyeni kwenye vikopo vya kutosha mlo mmoja mmoja: ya siku mbili tatu yakae kwenye friji, mengine kwenye friza bila kuungwa. Jioni ya Jumatano mnakaanga kitunguu na nyanya, mnaunga, mnakula. Wasio na friza watumie kapu. Kapu kubwa lenye mfuniko, limejazwa matambara au pamba pande zote, katikati limeachwa tundu la sufuria. Maharage yaliyolowekwa yachemke kwa nguvu jikoni kama nusu saa, yafunikwe vizuri, yaingie kapuni yakiwa bado yanatokota, na mwende zenu sokoni. Mkirudi mchana yamelainika yenyewe, gesi haikuungua. Yarudisheni jikoni yachemke tena kabla ya kula. Ila ile nusu saa ya kwanza msiiibe: maharage, hasa mekundu, yasipochemka sawasawa yana sumu inayotapisha.

Nazi vilevile. Atakayekaa kwenye mbuzi akune kadhaa kwa mkupuo, mchuje tui, mgandishe kwenye vifuko vya kipimo cha sufuria yenu. Vitunguu saumu na tangawizi msage pamoja na mgandishe vipande vidogo. Mchicha na matembele chambueni Jumapili lakini msivioshe, maana unyevu unaozesha. Funga kwenye kitambaa kikavu, osha siku ya kupika. Wali uliobaki usilale mezani hadi asubuhi. Upoozwe upesi uingie kwenye friji, kwani kuna vijidudu vya wali ambavyo sumu yake haiondoki hata ukiuchemsha upya. Kiporo ni kitamu, nakipenda mno, lakini kiporo cha friji.

Vyombo vitapungua kwa ujanja mmoja tu: kila mtu awe na sahani na kikombe cha rangi yake, na akimaliza kula aoshe vyake. Leo mnaosha vikombe kumi na tano katika nyumba ya watu watano kwa sababu kila anayesikia kiu anachukua kipya. Sufuria ya ugali itiwe maji ukishapakua tu. Ukoko utajibandua mkiwa mnakula.

Nguo za shule zisingoje Jumamosi. Mtoto afue shati na soksi zake anaporudi shule, jua lipo bado, yeye mwenyewe ndiye anayejua doa la wino liko wapi. Atakayekwenda bweni atawashukuru. Shati lianikwe kwenye hanga likiwa limekung'utwa, pasi itakuwa ya kola tu. Na mnapoanika, wekeni nguo za kila mtu pamoja kwenye kamba. Wakati wa kuanua kila mmoja anachukua fungu lake na kukunja. Usiku kabla ya kulala, begi, viatu na nguo za kesho vikae kiti kimoja. Viazi vitamu au mihogo ya asubuhi imenywe usiku huohuo na wakubwa wa watoto. Haya madogo sitayarefusha, mnayajua, ila hamyafanyi.

Kuna mambo hayapelekwi kwa mtoto hata mkiwa mmechoka vipi. Mafuta ya kukaangia yanayochemka, hapana. Mtungi wa gesi, mpaka awe mkubwa na ameonyeshwa kufunga koki pale juu ya mtungi kila akimaliza, na kutogusa kiberiti wala swichi akisikia harufu. Dawa za kung'arishia nguo na za choo zikae juu, na hata ninyi wakubwa msizichanganye. Moshi wake ni sumu. Na nawasihi, mafuta ya taa yasiwekwe kwenye chupa ya soda au ya maji. Watoto wameyanywa wakidhani ni maji, na hospitali zetu zinawajua.

Nisipolisema hili nitakuwa nimewaficha. Baadhi yenu mna dada wa kazi, na mnadhani kwa hiyo barua haiwahusu. Inawahusu zaidi. Mtoto anayeacha sahani pale alipokalia kwa kuwa "dada ataondoa" anajifunza dharau, na dada mwenyewe nyumba nyingine ni mtoto pia. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka umri wa chini wa kuajiriwa kuwa miaka 14, na kwa kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumzuia shule. Sheria hiyohiyo inasema mtoto ana wajibu wa kuwasaidia wazazi na wakubwa wanapohitaji, kwa hiyo asiwadanganye mtoto yeyote kuwa kuosha sahani ni kuvunja haki zake. Atakayekuwa anavunja haki ni mzazi anayemnyima masomo, kulala na kucheza ili nyumba ing'ae. Mtihani ukikaribia, punguzeni kazi. Akiumwa, mwacheni.

Na ninyi mpunguze viwango. Sakafu idekiwe kila siku kwa ajili ya nani? Vitambaa vya makochi vinavyotaka pasi vitoeni, uweke kochi tupu, hakuna mgeni atakayekufa. Saa mnayoiokoa msiipeleke kwenye simu wala kwenye kazi nyingine ya kujitafutia. Kaeni na hao watoto mle pamoja, na meza aondoe yule ambaye zamu ni yake.

Wiki hii msianze yote. Chagueni kazi moja kwa kila mtoto, mkae naye achague mwenyewe kati ya mbili tatu, muiandike kwenye karatasi ukutani, na jina la baba liwepo kwenye karatasi hiyohiyo. Mwezi ukiisha wabadilishane. Jumapili ijayo zamu ya kukaribisha kikundi ni yangu; njooni na wakubwa wa watoto. Nazi nimeshanunua, na mbuzi ninazo mbili.

Wenu,
Bibi Mwalimu, mstaafu
Kimara, Dar es Salaam